Pasi ya Jogoo

3 Juni

Mdogo wangu Wembe,

Sikuulizi habari za nyumbani, maana najua utajibu "nzuri" hata kama paa limeng'oka. Nakupa za huku kwanza.

Chama chetu cha mafundi cherehani kimefika salama kituo cha kwanza cha ziara. Tumelala nyumba ya wageni yenye mapazia yaliyoshonwa vibaya kuliko mapazia yote niliyowahi kuyaona, na mwenyekiti wetu amekesha akilalamikia pindo. Asubuhi tukaingia kiwanda cha zamani cha nguo, kile kilichofungwa tukiwa wadogo na sasa kimefanywa makumbusho. Mashine zimesimama mistari kwa mistari, zimepakwa mafuta na hazina kazi. Mwongozaji wetu, binti mwembamba mwenye sauti ya mpiga mnada, alituonyesha kidude kidogo cheusi kilichochongwa kwa pembe ya ng'ombe. Kipuri cha mashine kilivunjika, cha kuagiza hakikuja, basi fundi mmoja akaenda machinjioni akarudi na pembe. Kiwanda kikaendelea kufuma kwa pembe mpaka siku kilipofungwa. Nilikigusa nikakaripiwa. Chini yake kuna kibao: "Kimeazimwa kutoka kwa familia ya fundi." Hicho kibao nacho nilikigusa.

Nikamkumbuka Baba na lango lake. Kituo chetu cha mwisho ni mabwawa ya chumvi alikofanya kazi ujana wake wote. Wewe na mimi tumelishwa hadithi ile pamoja na uji: walinzi wanasinzia usiku, maji yanajaa yanafurika, chumvi inaharibika, naye anatengeneza lango la maji linalojifunga lenyewe. Anachukua pipa tupu lielee, kulabu, ubao, na kwa kuwa ubao ni mwepesi na unaelea, anaufungia juu yake pasi ya mkaa ya mama yetu ili uzame. Mimi niliiamini hadithi ile. Wewe ulikuwa unajifanya unakohoa.

Ila kuna jambo. Siku naondoka nilimwambia, "Baba, nakwenda kulitafuta lango lako." Nilitegemea acheke. Akanishika mkono akasema, "Ukifika kule usiulize." Nikamuuliza kwa nini. Akasema basi linaondoka. Na basi lilikuwa bado halijapakia hata abiria.

Sasa nisaidie kufikiri. Mtu anayesimulia jambo maisha yake yote, kwa nini hataki liulizwe?

Barua hii nampa kondakta. Najua utasema nipige simu, lakini Baba simu anaisikia nusu, na nusu anayoisikia anaibadilisha. Barua utamsomea mara mbili. Mfikishie shikamoo yangu.

Dada yako,
Sindano


7 Juni

Dada Sindano, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na harufu ya samaki, nadhani kondakta aliikalisha na kapu la mtu. Tuko wazima. Mzee hajambo, anakula, analala.

Unaniomba nikusaidie kufikiri. Wewe tangu utotoni ulifungua redio ya nyumbani uone mtu anayesema kakaa wapi, ukashindwa kuifunga, tukakaa bila redio. Leo unataka kumfungua Mzee. Ukimchunguza sana bata humli, Dada.

Jibu si gumu. Mtu hataki jambo liulizwe kwa sababu anajua litakalojibiwa. Mzee wetu alifanya kazi kwenye chumvi, na chumvi akaja nayo nyumbani, akawa anatia kila mahali. Samaki aliyemvua alikuwa na masharubu. Mkuu wa kiwanda alimwomba ushauri. Simlaumu, ndivyo alivyo, na dukani kwangu watu walikuja kunyolewa hata nywele zikiwa bado fupi ili wamsikilize pale kwenye benchi. Lakini pasi ya mama iliibwa. Mama mwenyewe alisema hivyo, mimi nilikuwa pale na wewe ulikuwa pale. Tuliona alivyokunja nguo zetu za shule akaziweka chini ya godoro akazilalia ili zinyooke, miezi kwa miezi, mpaka akapata pasi nyingine. Kama Mzee ndiye aliyeichukua, mama angenyamaza? Mama yetu yupi?

Mimi naomba ukifika huko utazame maji, ule chakula cha mwenyekiti wako, urudi. Kama umeambiwa usiulize, usiulize.

Hapa mashine yangu ya kunyolea imeanza kung'ata watu masikio, nimeipeleka kwa fundi.

Mdogo wako,
Wembe


10 Juni

Wembe,

Umeandika "walikuja" kunyolewa ili wamsikilize. Mimi ni fundi, nikiona uzi umekatika nauona. Kwani siku hizi hawaji? Au Baba hakai tena kwenye benchi? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Jana tulikuwa kwenye jumba la pampu lililokuwa likipeleka maji mji mzima, na leo tumeingia kiwanda cha zamani cha kuchapa vitabu. Hili la leo lazima nikusimulie. Herufi za risasi ziliagizwa kutoka ng'ambo, sanduku zima, zimepangwa kwa kipimo cha lugha ya huko. Wakaanza kuchapa kwa lugha yetu, na kabla ukurasa haujafika katikati herufi za "a" zikaisha. Jaribu mwenyewe, chukua sentensi yoyote uhesabu "a" zilizomo. "K" nazo zikaisha, na "w". Mpiga chapa akakaa barazani akachonga nyingine kwa mti mgumu. Mwongozaji alitufungulia kitabu cha siku hizo, na ukiangalia vizuri unaziona: "a" za risasi nyembamba, "a" za mti nene kidogo, zimechanganyika kama watu wa nyumba moja. Mwenyekiti alitaka kujua kama kitabu kinahusu ushonaji. Hakihusu.

Nilichojifunza kwenye ziara hii ni kwamba kila kitu kina jina. Ile pembe ya ng'ombe waliiita "jino la babu". Pampu kubwa waliiita "Bibi Harusi", kwa sababu ilichelewa kutoka kila asubuhi. Wafanyakazi hawakai na kitu bila kukipa jina. Ndipo nikashtuka: lango la Baba liliitwaje? Ametusimulia kulabu, pipa, ubao, mpaka rangi ya kamba. Jina hajawahi kulitaja. Nikifika huko bila jina nitatafuta nini, malango yako mengi.

Muulize taratibu, wakati anakunywa chai. Liliitwaje?

Dada yako,
Sindano


13 Juni

Dada,

Nilikuficha. Nilidhani utakuwa umesharudi kabla hujajua.

Mzee hakai tena kwenye benchi. Tangu wiki ile uliyoondoka anakaa chumbani, mlango umerudishwa. Anakula nikimpelekea, kijiko kimoja viwili, anasema ameshiba. Anaitikia salamu na zaidi ya hapo hasemi. Mzee wetu, Dada, ambaye alikuwa anaongea hata akipiga mswaki.

Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Alikuwa anasimulia lango. Alipofika kwenye pasi, dereva mmoja wa lori niliyekuwa namnyoa ndevu akasema, "Mzee, wiki iliyopita ilikuwa sufuria." Watu wakacheka. Kweli Mzee huwa anabadilisha, lakini pasi haijawahi kuwa sufuria, hilo hata mimi nalijua. Ningesema neno moja tu. Badala yake nilicheka, Dada. Nilicheka mpaka nikamwondolea wembe shavuni yule dereva nisimkate. Mzee alinitazama mimi, hakumtazama dereva. Kisha akachukua fimbo yake akaingia ndani.

Jana nilimpelekea chai nikamuuliza ulivyoniagiza, taratibu. Alisema, "Halina jina." Akageukia ukutani. Nikamwambia Sindano ndiye anayeuliza, yuko njiani kwenda kule. Akasema, "Mwambie halina jina," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Daktari amekuja, amesema mwili hauna kitu, ila mzee wa umri ule akiamua kutokula hakai sana.

Kwa hiyo nakuomba. Najua ni mimi niliyesema siku zote kwamba anatia chumvi, na sasa mimi ndiye nataka kutia. Ukifika usilikute, urudi useme umelikuta. Sema limeoza kidogo lakini lipo. Sema watu wanalipiga picha. Nitakuunga mkono mbele ya duka zima. Mzee akifa akijua mwanawe wa kiume alimcheka, mimi sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Wembe


17 Juni

Wembe wangu,

Kaa chini kwanza. Kama una mteja, mwambie asubiri.

Tumefika kwenye chumvi. Mabwawa ni mapana, yamegawanywa kwa kuta za udongo, na jua likiyapiga yanaumiza macho. Ghala la zamani ndilo makumbusho. Kuna majembe ya mbao, viatu vilivyokatwa kwa matairi, picha za watu waliosimama kwenye maji wakiwa wamekunja suruali. Nilimtafuta Baba kwenye picha zote, sikumwona. Nilifanya alivyoniagiza, sikuuliza kitu. Nilifunga mdomo mpaka mwenyekiti akaniuliza kama jino linaniuma.

Mwongozaji wa hapa ni kijana mcheshi mwenye kofia kubwa. Alitupitisha ukutani akitutajia malango kwa majina, na mimi nikawa naangalia kila moja kama lina pipa. La kwanza Tumbo. La pili Mlevi, kwa sababu limeinama. Tukafika la tatu, nikaliona pipa lenye kutu limening'inia kwenye mnyororo, na kulabu juu yake. Akasema, "Hili ndilo fahari yetu, lilibuniwa hapahapa, linajifunga lenyewe. Linaitwa Mwongo."

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kwa nini. Kijana akaonyesha kibao, kimeandikwa vizuri kabisa: "Wafanyakazi waliliita Mwongo kwa kuwa ukilitazama kwa mbali utadhani limefunguka, kumbe limefungwa." Na chini yake: "Mbunifu hajulikani."

Mimi sikuwa nasoma tena, Wembe. Nilikuwa naangalia ubao. Juu ya ubao kuna kitu kimefungwa kwa waya, kimeliwa na chumvi mpaka kimevimba. Kibao kinakiita "uzito wa chuma". Mimi pasi nimezishika maisha yangu yote. Nilivua viatu nikaingia kwenye maji, nguo na yote, kijana ananiita, mwenyekiti ananiita. Ni pasi ya mkaa. Mpini umekwisha, lakini kifungio cha mbele bado kipo, yule jogoo mdogo wa chuma. Nilimpangusa kwa kanga yangu. Hana mkia.

Unakumbuka nani alimvunja mkia? Ulikuwa unataka kumwona akiruka, ukamgonga kwa jiwe, mama akakuchapa na mimi nikachapwa kwa kutazama. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba jogoo yule hana mkia, ila wewe na mimi na Baba, na mama aliyekwisha tangulia. Nilikaa pale kwenye maji nikalia, na sikujificha.

Waliponitoa walinipeleka ghalani nikaushe nguo. Pale kuna mama mmoja wa makamo ya Baba, ndiye anayewaonyesha wageni namna ya kukokota chumvi. Aliniletea kanga kavu. Nikavunja agizo la Baba. Nilimuuliza, "Mama, lile lango, Mwongo, ni kwa sababu linaonekana limefunguka?"

Akacheka. "Hayo wameandika hao vijana, na mimi hawakuniuliza. Mwongo hakuwa lango, mwanangu. Mwongo alikuwa mtu. Kijana mmoja wa zamu ya usiku, maneno mengi, kila siku hadithi. Tukamwita Mwongo mpaka jina lake la kuzaliwa likatupotea. Siku moja akasema atatengeneza lango lijifunge lenyewe walinzi walale. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Akalitengeneza. Maji yakajaa, pipa likapanda, lango likashuka, pa. Tukasogea wote kulitazama. Halafu mtu mmoja akasema, basi hili lango la Mwongo. Baadaye 'la' likaanguka, likabaki Mwongo."

Nikamuuliza kama kuna aliyemwomba msamaha kijana yule. Akasema, "Tulidhani kumpa lango jina lake ndiyo heshima. Yeye sijui alionaje. Aliendelea kufanya kazi, ila tangu siku ile ukimwita Mwongo alikuwa haitiki."

Umeelewa sasa kwa nini alisema halina jina? Alijua nikiuliza tu nitaambiwa jina lile, na kwamba ni lake. Alitupa hadithi yote akabaki na neno moja, na neno hilo ndilo lingetufanya tumwamini.

Nilimwambia kijana wa kofia mimi ni nani. Alisimama akavua kofia. Anataka kibao kiandikwe upya, lakini anasema hawezi kuandika habari ya mtu aliye hai bila ridhaa yake. Anataka pia kujua kama tunaichukua pasi, maana ni mali ya familia. Nimemwambia aliye na jibu yuko nyumbani, amegeukia ukutani.

Hukuhitaji kuniomba niseme uongo. Msomee Baba barua hii akiwa peke yake, usimsomee dukani. Akishasikia, muulize waandike nini.

Dada yako,
Sindano


20 Juni

Dada, shikamoo mara nyingi.

Nilifunga duka nikamsomea. Nilipofika kwenye jina nilishindwa kulitamka, nikaliruka. Akasema, bado anaangalia ukuta, "Umeruka neno." Nikalisoma.

Kisha akasema, "Rudia pale kwa jogoo." Nikarudia. Akasema rudia tena. Mara ya tatu akageuka, akaniuliza kama mkia umevunjika wote au nusu. Nikamwambia wote, Baba, mimi ndiye niliyeuvunja. Akasema, "Najua. Nilikutetea siku ile hukusikia, ulikuwa unalia."

Nikamwomba radhi kwa ile Jumamosi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili. Alinipiga begani kwa fimbo, si kwa nguvu, akasema, "Haya, lete uji." Alikula bakuli zima, akaomba na chumvi. Mimi nilitazama pembeni.

Leo amekaa kwenye benchi. Yule dereva wa lori amepita, akasalimia kwa heshima, maana habari imeshazagaa, sijui nani aliisema. Mzee amemwambia, "Kaa, bado sijafika kwenye sufuria."

Amesema jibu lako atalitoa yeye mwenyewe. Ninaandika anavyotamka, nimekatazwa kuongeza hata nukta.

Wembe


Binti yangu Sindano,

Nilikwambia usiulize, ukauliza. Ndivyo nilivyokulea.

Yule mama wa chumvi anasema kweli, ila alisahau kwamba yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Msalimie.

Siku lango liliposhuka nilikuwa kijana, nyinyi wawili mmeanza shule juzi tu. Nilidhani wataniita kwa jina langu. Wakalipa lango jina la matusi yangu, wakanipongeza, na mimi nikaona siwezi kuja kuwaambia wanangu kwamba baba yao anaitwa Mwongo. Basi nikawa nalisimulia lango bila jina, na kila mwaka nikiona hamniamini naongeza kitu kidogo ili liingie. Ndiyo likazidi kutoingia. Iliniuma, binti yangu. Hilo liandike, Wembe, mbona umesimama.

Pasi niliichukua bila kumwambia mama yenu. Alipoamka akaikosa, nikamweleza. Mkawa mnaiulizia nyinyi, akawaambia imeibwa. Nilimuuliza usiku kwa nini anadanganya watoto. Akasema, "Nimedanganya wapi? Imeibwa, na mwizi namjua." Nilimwahidi nitairudisha. Alikwenda kulitazama lango siku moja, akasimama pale ukutani muda mrefu, akarudi akaniambia niiache, inafanya kazi kuliko ilivyokuwa nyumbani. Kisha akaendelea kulalia nguo zenu za shule.

Mwambie kijana wa kofia asibadilishe jina. Limeitwa hivyo miaka yote na chumvi haijaharibika. Pasi nayo isitolewe, ubao utaelea. Ila kibao nataka kiandikwe hivi, neno kwa neno, umsimamie:

"Lango hili linaitwa Mwongo. Lilitengenezwa na Mwongo. Pasi imeazimwa kutoka kwa mke wake, ambaye hakuombwa."

Baba yako,
Mwongo